Upigaji picha wa mtiririko wa damu ngozini

Upigaji picha wa mtiririko wa damu ngozini ni jina la jumla la mbinu zinazotumia mwanga au joto kuonyesha jinsi damu inavyopita katika mishipa midogo ya ngozi, bila kuchoma sindano wala kukata popote. Mbinu hizo hutumika hospitalini, lakini zinategemea vipimo vya watu wenye afya waliojitolea. Daktari asiyejua hali ya kawaida hawezi kusema kwamba picha iliyo mbele yake ni ya ugonjwa.

Damu ya ngozi

Ngozi hupitisha damu nyingi kuliko inavyohitaji kwa lishe yake yenyewe, kwa sababu ina kazi ya kurekebisha joto la mwili. Mtu mzima akipumzika mahali pasipo na joto wala baridi, ngozi yake yote hupitisha chini ya nusu lita ya damu kwa dakika. Katika joto kali kiasi hicho kinaweza kufika lita 6 hadi 8.

Kwenye viganja, nyayo na ncha za vidole kuna njia za mkato zinazounganisha arteri na vena bila kupitia kapilari. Njia hizo hufunguka na kujifunga kwa amri ya neva, hata kwa kushtuka tu au kuvuta pumzi kwa nguvu. Ndiyo maana kipimo cha kidole hupanda na kushuka ingawa mtu ametulia, na watafiti wengi hupendelea kigasha.

Historia

August Krogh wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa kueleza jinsi kapilari zinavyofunguka na kufungwa kulingana na mahitaji ya mwili. Mwaka 1927 Thomas Lewis, daktari wa London, alitoa kitabu kuhusu mishipa ya damu ya ngozi ya binadamu. Alieleza mambo matatu yanayotokea ngozi ikikwaruzwa: mstari mwekundu, wekundu unaosambaa pembeni, kisha uvimbe. Vifaa vyake vilikuwa vichache. Kwa sehemu kubwa alitumia macho, saa na subira.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Alrick Hertzman wa Marekani alipima mapigo ya damu kwa kumulika ngozi na kupokea mwanga uliorudi. Mwaka 1975 Michael Stern alionyesha kwamba leza inaweza kupima mwendo wa damu ngozini, na mwaka 1981 A. F. Fercher na J. D. Briers walieleza njia ya kupata picha kwa kutumia madoadoa ya leza.

Jinsi zinavyofanya kazi

Njia ya Stern hutegemea kanuni iliyotolewa na Christian Doppler mwaka 1842, ile ile inayofanya king'ora cha gari kibadilike sauti linapotupita. Mwanga wa leza ukigonga seli nyekundu ya damu iliyo katika mwendo, marudio yake hubadilika kidogo sana. Ukigonga tishu iliyotulia haubadiliki. Mashine huchanganua mwanga uliorudi na kukadiria wingi wa seli na kasi yake kwa pamoja. Kina kinachofikiwa ni karibu milimita moja au pungufu.

Katika njia ya madoadoa, leza hutandazwa juu ya eneo zima. Ngozi huonekana imejaa vidoa vya mwanga na giza, na pale damu inapokwenda haraka vidoa hivyo hufifia katika picha, kama picha ya mtoto aliyetikisika mbele ya kamera. Kompyuta hugeuza kiwango cha kufifia kuwa ramani ya rangi, picha nyingi kwa sekunde moja.

Kamera ya joto ni jambo jingine: huonyesha joto la juu ya ngozi, si damu yenyewe, hivyo matokeo yake huchelewa.

Vipimo kwa watu wenye afya

Mshiriki hukaa kwanza katika chumba chenye joto lisilobadilika, bila kuvuta sigara wala kunywa kahawa kabla ya kipimo. Kisha mishipa hupewa jaribio. La kawaida ni kufunga mkanda wa kupimia shinikizo la damu mkononi kwa dakika chache na kuufungua ghafla: damu hurudi kwa wingi, na picha huonyesha jinsi mishipa ilivyoitikia. Jingine ni kupasha joto sehemu ndogo ya ngozi hadi nyuzi 42 au 44 za selsiasi. Mtiririko hupanda mara mbili: kwanza haraka, kwa kazi ya neva za hisia, halafu polepole, hasa kwa msaada wa oksidi ya nitriki inayotengenezwa na ukuta wa mishipa.

Mipaka

Vipimo vya leza havitoi mililita kwa dakika. Hutoa vizio vya mashine, na mashine mbili haziwezi kulinganishwa kirahisi. Hata damu ikizuiwa kabisa, namba haifiki sifuri, kwa kuwa chembe ndani ya tishu huendelea kutikisika.

Suala zito zaidi ni melanini, ambayo hufyonza mwanga kabla haujafika kwenye damu. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, ambacho nacho hutumia mwanga, kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo kiwango kilichopatikana kwa vijana weupe pekee hakitoshi kuwa kawaida ya mzee wa Mombasa. Hapa kuna kinaya: wekundu wa ngozi ni mgumu kuuona kwa macho kwenye ngozi nyeusi, na huko ndiko mashine ingesaidia zaidi.

Matumizi

Matumizi yaliyoimarika zaidi ni kupima kina cha majeraha ya moto, kwa kawaida kati ya saa 48 na siku ya 5 baada ya ajali. Jeraha lenye mtiririko mzuri wa damu huelekea kupona lenyewe. Lenye mtiririko hafifu huenda likahitaji kupandikizwa ngozi.