Igizo la Baraza: Jina kwa Sanaa ya Boal

Mwaka 1973 msanii wa Brazil, Augusto Boal, alikuwa nchini Peru akishiriki kampeni ya kisomo cha watu wazima. Mwanamke mmoja akamletea kisa chake. Mumewe alikuwa akichukua fedha zake akidai anajenga nyumba yao, na mara kwa mara akimpa karatasi, akimwambia ni stakabadhi. Mama yule hakujua kusoma. Alizitunza tu. Siku walipogombana alizipeleka kwa jirani amsomee, kumbe ni barua za mapenzi kutoka kwa hawara. Sasa mume yuko njiani kurudi. Mke afanye nini?

Boal na wenzake wakakigeuza kisa hicho kuwa igizo, wakawaomba watazamaji wapendekeze mwisho, nao waigizaji wautekeleze. Mama mmoja wa mwili mkubwa alitaka mke aongee na mumewe wazi kabisa, kisha amsamehe. Waigizaji wakajaribu. Akakataa, sivyo. Wakarudia, akakataa tena kwa hasira. Mwishowe Boal akamwambia apande aonyeshe mwenyewe. Akapanda, akashika ufagio, akamtandika mwigizaji wa mume hasa. Alipomaliza akamsamehe, akamwagiza akalete chakula. Alipotaja kuongea wazi, huko ndiko kuongea alikomaanisha, na hakuna mwigizaji ambaye angeweza kuyaonyesha hayo kwa niaba yake.

Mtindo uliotokana na siku ile Boal aliuita kwa Kireno teatro-fórum, nao ukawa tawi mashuhuri la kazi yake yote aliyoipa jina Teatro do Oprimido, yaani sanaa ya maonyesho ya wanaokandamizwa. Aliyajua mateso kwa mwili wake: mwaka 1971 utawala wa kijeshi wa Brazil ulimkamata, ukamtesa, naye akaenda uhamishoni. Leo mtindo huu unatumika katika magereza, shule na makazi ya wakimbizi. Makala hii inauangalia pale unapotumiwa na vijana wanaofukuzwa nyumbani, wanaopigwa au kudhihakiwa kwa sababu ya jinsia zao au wale wanaowapenda, na inatafuta jina la Kiswahili la mtindo wenyewe.

Tafsiri ya haraka ya fórum ni jukwaa. Tumeizoea: jukwaa la wahariri, jukwaa la vijana. Lakini katika sanaa za maonyesho, jukwaa ni pale palipoinuliwa, anaposimama mwigizaji huku wengine wakikaa chini kimya. Tukisema igizo la jukwaa, tumeurudisha ule ukuta ambao Boal alitumia maisha yake kuubomoa. Tamthilia nayo haifai, kwani kwa wasomaji wengi ni kitabu cha shuleni au mfululizo wa televisheni, kitu kilichokwisha kuandikwa.

Ninapendekeza igizo la baraza. Katika nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa ukutani nje ya nyumba, watu wanapokaa kwa kahawa na mazungumzo. Lugha ikalikuza neno hilo hadi baraza la wazee, baraza la kata, Baraza la Mawaziri. Kote humo maana haikupotea: aliyeketi barazani ana haki ya kusema, na linalosemwa pale linaweza kubadilisha mambo. Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Kwa desturi baraza lilikuwa la wanaume, hasa watu wazima, na kijana anayehesabiwa mkosaji huletwa pale kuhukumiwa. Ni kweli, na kwangu hiyo ni sababu ya kulichagua. Neno linakuja na mamlaka yake, na igizo linamweka kijana yule yule katikati ya mamlaka hayo akiwa na zamu ya kusema.

Utaratibu wake ni huu. Kikundi hutunga igizo fupi kutokana na mambo yaliyowapata wenyewe, nalo lazima liishe vibaya: anayekandamizwa anashindwa. Linaonyeshwa mara moja mpaka mwisho, kisha linaanza upya. Safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti, "Simama!" Waigizaji wanatulia, yeye anaingia mahali pa anayekandamizwa na kujaribu njia nyingine. Waigizaji wengine wanaendelea kuwa wagumu vile vile, hawamrahisishii. Akishindwa, anaingia mwingine.

Mtazamaji anayeingia hivyo Boal alimuundia neno kwa kuunganisha mtazamaji na mwigizaji. Mtazamaji mtendaji linatosha, na mtu wa kawaida analielewa bila kufunguliwa kamusi. Msimamizi wa shughuli Boal alimwita kwa jina la ile karata ya jokeri, isiyo ya kundi lolote, kwa kuwa hana upande. Kwetu neno liko tayari. Tanzania wanaofanya kazi ya kuamsha jamii wamekuwa wakiiita uraghbishi kwa miaka mingi. Basi msimamizi wa igizo la baraza ni mraghbishi, na kazi yake ni kuuliza. Je, hilo lingewezekana kweli? Gharama yake ni nini? Nani mwingine ana njia?

Kuna kanuni moja inayowashangaza wageni wa mtindo huu: mtazamaji haruhusiwi kuingia mahali pa mkandamizaji na kumfanya awe mwema. Hadhira ikiona suluhisho la namna hiyo hupiga kelele kwamba huo ni uchawi. Umuhimu wa kanuni hii nauona hasa ninapofikiria vijana wa New York.

Mwezi Desemba 1997 kijana mweusi aliyeitwa Ali Forney alipigwa risasi akafa mtaani Harlem, akiwa na umri wa miaka 22. Alikuwa akilala nje tangu utotoni, na alikuwa akiwahudumia vijana wenzake wa mitaani. Mwaka 2002 Carl Siciliano, aliyekuwa akimfahamu, alianzisha kituo kwa jina lake, kwa vitanda 6 katika chumba cha chini ya kanisa. Kituo hicho huwapa makazi vijana wa kundi linalofupishwa LGBTIQ, yaani wapenzi wa jinsia moja au zote mbili, waliobadili jinsia, waliozaliwa na jinsia isiyo wazi na wenzao. Ukubwa wa tatizo unaonekana katika uchunguzi wa mwaka 2012 wa Taasisi ya Williams, iliyo katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mashirika ya Marekani yanayowahudumia vijana wasio na makazi yalikadiria kuwa asilimia 40 ya wanaokuja kwao ni wa kundi hili, na sababu iliyotajwa zaidi ni kukataliwa na familia. Shirika la Theatre of the Oppressed NYC, linalofuata njia ya Boal, limefanya kazi na vijana wa kituo hicho wakiunda kikundi chao cha maigizo.

Tuseme igizo ni la kijana anayeambiwa na baba yake afungashe nguo zake usiku huo huo. Mama amekaa mezani, hanyanyui macho. Mdogo wake amesimama mlangoni. Mtazamaji mwenye huruma anatamani kuingia mahali pa baba na kusema, "Mwanangu, kaa." Ukumbi mzima ungelia. Lakini kesho yake kijana halisi anarudi kwa baba halisi, ambaye hakuhudhuria igizo. Kwa hiyo mlango huo unafungwa, na watu wanalazimika kutafuta pengine. Mmoja anamgeukia mama na kumuuliza swali moja tu, limvunje ukimya. Mwingine haombi kubaki. Anaomba cheti chake cha kuzaliwa kilichomo kabatini, kwani bila hicho kesho hapati kitambulisho, kazi wala shule. Mwingine anampigia simu shangazi kabla baba hajamaliza sentensi. Haya ni mambo madogo ambayo kijana wa miaka 16 anaweza kuyafanya kweli, na ameyafanyia mazoezi kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu.

Hapa inakuja istilahi nyingine, ya kile kinachomfukuza kijana huyu: homofobia. Neno hili alilieneza mwanasaikolojia wa Marekani George Weinberg, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1972, akilijenga juu ya neno la Kigiriki lenye maana ya hofu. Wakosoaji wamelalamika kwamba anayempiga mtu barabarani si mgonjwa wa hofu, na mwaka 2012 shirika la habari la Associated Press lilishauri waandishi wake waliepuke katika habari za kisiasa na kijamii. Kiswahili kimekwisha kuchukua upande bila mjadala: tunasema chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Naikubali tafsiri hiyo katika taarifa za polisi na mahakama, kwani inataja tendo na inamtaja anayetendewa.

Lakini igizo la baraza huonyesha kwamba neno moja halitoshi. Mraghbishi akimhoji mwigizaji wa baba akiwa bado ndani ya uhusika wake, mara nyingi kinachotoka ni woga: nitawaambia nini majirani, kanisani watasema nini, ndugu zangu watanionaje. Mwenye nyumba anayekataa kumpangisha kijana yule ana chuki. Mwalimu anayesikia matusi akaendelea kuandika ubaoni ana kitu cha tatu, ukimya, na ukimya huo unaumiza kama kofi. Woga wa baba unaweza kupunguzwa na jirani mmoja atakayesema hadharani kwamba hana neno na mtoto wako. Chuki ya mwenye nyumba inahitaji sheria. Mfasiri anayeandika chuki pote anaupoteza mlango wa jirani. Ndiyo maana ninaona homofobia, kwa tahajia yetu, ibaki kuwa jina la jumla, na ndani yake tutaje kwa Kiswahili wazi kama ni woga, chuki, ubaguzi au ukimya.

Kuna mkandamizaji mwingine asiyeonekana ukumbini. Boal alipokuwa uhamishoni Ulaya alikutana na watu wasiosumbuliwa na polisi yeyote na bado walikuwa wamekandamizwa, wapweke, wanajizuia wenyewe. Akasema askari yuko kichwani. Askari wa kichwani ni tafsiri ya moja kwa moja na inakaa vizuri. Kijana aliyesikia tangu utotoni kuwa watu wa namna yake ni laana, humbeba askari huyo hata baada ya kuhamia mji usiomjua. Katika mazoezi, sauti hizo hupewa miili: mtu mmoja anakuwa sauti ya bibi, mwingine ya mhubiri, mwingine ya wanafunzi wa darasa la sita. Kijana anazungukwa nazo, anajibizana na moja moja. Vijana wa namna hii wako katika hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko wenzao, na kukataliwa na familia huizidisha hatari hiyo. Kwa sababu hiyo siwezi kuyahesabu mazoezi haya kama burudani ya pembeni.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani chombo hiki ni kigeni. Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya sanaa shirikishi na wanavijiji wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa Tuseme, ambapo wasichana wa shule waliigiza wenyewe yanayowakwamisha masomoni, yakiwemo yale ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia mwalimu. Jina la mradi ule lilikuwa kitenzi, na lilibeba kila kitu.

Lakini kwa vijana wa LGBTIQ wa kwetu mlango wa kusema umefungwa kwa sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kwa kile kinachokiita kujamiiana kinyume cha maumbile, kinaweka kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Kifungu cha 162 cha Kenya kina miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Uganda, sheria ya mwaka 2023 inaadhibu hata kile inachokiita ukuzaji, hadi miaka 20, na igizo lolote laweza kusomwa hivyo. Wasanii wa Nairobi wamejaribu. Kundi la The Nest lilikusanya visa vya Wakenya bila kutaja majina yao, likavitengenezea filamu ya Stories of Our Lives mwaka 2014, nayo ikapigwa marufuku nyumbani. Filamu ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilipigwa marufuku mwaka 2018, mahakama ikairuhusu kwa siku 7 tu, na kumbi zikajaa.

Maneno ya kuwataja vijana hawa pia ni mazito. Shoga, katika pwani, lilikuwa na bado ni neno la upendo baina ya wanawake marafiki, kisha likawa tusi kwa wanaume. Huntha, yaani mtu aliyezaliwa na jinsia isiyo wazi, limetoka katika fikihi na leo linatumika Kenya kwa heshima, hasa tangu sensa ya mwaka 2019 ilipowahesabu watu hao, 1,524. Mengine ni matusi matupu. Katika baraza, mraghbishi humuuliza mwenyewe anataka aitwe nani, halafu kila mtu hulitumia jina hilo.

Je, mtindo huu unawezekana mahali ambapo kujitaja tu ni hatari? Nadhani jibu liko katika kanuni ambayo ni rahisi kuipita haraka: anayeingia si lazima awe yule ambaye yamempata. Katika filamu ya ushuhuda mtu huonyesha uso au huufunika. Katika igizo la baraza shangazi anaweza kusema "Simama!", akaingia mahali pa kijana aliyefukuzwa, akambembeleza baba, akashindwa, akajaribu tena. Akifuata mwalimu wa madrasa, au dereva wa bodaboda, au binti wa kidato cha pili, hakuna awezaye kunyoosha kidole na kusema huyu ndiye. Mraghbishi makini huchagua mapema nani aalikwe, mlango uwe upi, picha zipigwe au zisipigwe, na nani atamsindikiza nani nyumbani. Igizo lenyewe laweza hata lisitaje kosa la kijana. Linaanza na begi mlangoni na baba aliyesimama, na ukumbi mzima unajua cha kufanya na nafasi ile: kuijaza, mmoja baada ya mwingine, mpaka ipatikane sentensi ambayo baba hana jibu lake.