Kabla ya Burma: Keya Walivyoandaliwa

Hebu muulize kijana yeyote wa mjini: keya ni nani? Wengine watakutolea macho tu. Wachache watakwambia, "Aa, si wale wazee waliokwenda Burma?" Na hadithi inaishia hapo. Tunamrusha mzee wa watu kutoka kijijini kwake hadi msitu wa Burma kwa sentensi moja, kana kwamba alilala Machakos akaamkia huko. Mimi nataka tusimame hapo katikati, katika ile miezi ya kujiandaa, maana naona hapo ndipo mambo mengi yalipoamuliwa.

Kwanza jina. Keya ni herufi KAR, yaani King's African Rifles, jeshi lililoundwa na Waingereza mwaka 1902. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, keya walipigana kwanza na Waitaliano huko Somalia na Ethiopia, 1940 na 1941. Huko ni mbali, sawa, lakini ni bara moja. Mtu alipanda lori akafika. Mambo yaligeuka tarehe 15 Februari 1942, Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani. Waingereza wakaogopa kwamba kisiwa cha Ceylon, ambacho leo tunakiita Sri Lanka, kitafuata. Basi Brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki ikavushwa bahari mwaka huohuo. Mwaka 1943 ikaundwa Divisheni ya 11, ya watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nayo ikaenda kufanya mazoezi Ceylon.

Waliingiaje jeshini? Wapo waliojitolea kwa sababu ya mshahara, kodi ya kichwa ikiwa inawangoja nyumbani. Wapo waliotolewa na machifu wao wapende wasipende. Wapo vijana waliotaka tu kuona dunia, kama mimi na wewe. Wakakutana depoti, Mkamba na Mnyamwezi, Mwacholi na Myao, na kila mmoja ana lugha ya mama yake.

Hapo ndipo Kiswahili kilipoingia kazini. Jeshi liliamrisha kwa Kiswahili, na ofisa wa Kizungu alitakiwa ajifunze. Lakini kilikuwa Kiswahili gani! Viambishi vimekatwa, ngeli zimetupwa, vitenzi vimebaki uchi. Wataalamu wa lugha wamekipa jina, KiKAR. Watu wa Lamu na Unguja walikicheka, na hata leo walimu wetu wangekipiga kalamu nyekundu. Mimi sikicheki. Kwa lugha hiyo mtu aliambiwa lala chini kabla risasi haijapita, na akalala, akapona. Sisi tunaojidai waandishi tukumbuke hilo kabla ya kudharau namna watu wanavyosema mtaani.

Halafu mwili. Keya wa zamani alizoea kaptula, na wengi walikuwa wakitembea peku. Kwa vita vya msituni ilibidi miguu ifundishwe buti. Kofia ya ukingo mpana ikachukua nafasi ya tarbushi. Kaptula zikaachiwa suruali ndefu za kijani kwa ajili ya mbu, kwa kuwa malaria iliangusha askari wengi kuliko risasi. Wakapewa tembe za mepakrini za kumeza kila siku, dawa iliyogeuza ngozi na macho kuwa ya manjano. Huko Ceylon wakafundishwa kuishi msituni: kupita bila kuvunja kijiti, kuvuka mto na bunduki juu ya kichwa, kukaa usiku kucha kwenye mvua bila kuwasha hata kiberiti.

Bahari je? Wengi walikuwa hawajawahi kuiona. Gari moshi lilikuwa likiwashusha Mombasa, wakapanda meli Kilindini, na habari za safari zilifanywa siri kwa sababu ya nyambizi za Wajapani. Siri haikuwasaidia wote. Mapema Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwemo Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi I-27 iliipiga kwa torpido. Wengi walikuwa chini ndani ya meli wakitazama burudani. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Nyambizi ikajificha chini ya walionusurika waliokuwa wakielea, na manowari za Kiingereza zikaishambulia palepale walipokuwa. Walikufa watu 1,297. Watu wa mizinga wale walikuwa wamefundishwa hesabu za shabaha, na hawakufyatua hata kombora moja huko Asia.

Majina ya waliokufa bila kaburi yameandikwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita, barabara ya Ngong, Nairobi. Nimewahi kwenda kuyasoma. Ukisoma kwa sauti unasikia nchi nzima ikiitwa rejista. Nje ya ua matatu zinapita zikipiga honi, na abiria hawageuzi shingo. Siwalaumu. Nani aliwahi kuwaambia?

Sasa nije kwenye hoja yangu. Mguu uliandaliwa, jicho likaandaliwa, ulimi ukaandaliwa. Na akili? Hiyo nayo ilishughulikiwa, usidhani ilisahauliwa. Jeshi lilikuwa na magazeti yake ya Kiswahili, kama Askari na Heshima, yaliyowaeleza keya kwamba wanalinda nyumba zao na kwamba adui ni katili. Barua walizoandika zilisomwa kwanza na wakaguzi. Yaani askari alipewa jibu kabla ya kuruhusiwa kuuliza swali. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu aliyelala naye kwenye matope yaleyale, na hilo halikuelezwa gazetini.

Lakini swali lilisafiri nao hata hivyo. Kuanzia Agosti hadi Desemba 1944 Divisheni ya 11 ilisukuma Wajapani kwenye bonde la Kabaw, katikati ya masika, hadi wakaingia Kalewa kando ya mto Chindwin. Mkenya Waruhiu Itote alikuwa miongoni mwa waliokwenda Burma. Katika kitabu chake cha 1967, Mau Mau General, anaeleza jinsi mazungumzo na watu aliokutana nao Asia yalivyomfanya ajiulize anapigania nchi ya nani. Baadaye akaingia msituni, safari hii msitu wa Mlima Kenya, tukamjua kama Jenerali China. Robert Kakembo wa Uganda naye aliandika kijitabu kilichotoka 1946, akiwaonya watawala kwamba askari anayerudi si yule aliyeondoka.

Hao wawili waliandika. Kenya peke yake ilitoa karibu watu 98,000, Tanganyika karibu 87,000. Wengi hawakuandika, na wengi wao wamekwisha kufa. Kilichobaki ni vipande: buti chakavu dohani, medali iliyochezewa na watoto, neno la KiKAR ambalo bibi bado analitumia akimfukuza mbuzi bila kujua lilitoka wapi.

Vijana wenzangu, tunahangaika kutafuta visa vya kuandika, eti mji hauna hadithi. Nenda kwa bibi wiki hii. Usimuulize vita ilikuwaje, kwa sababu hakuwapo. Muulize siku mumewe au baba yake alipoondoka, alisema anakwenda wapi. Andika atakachojibu, pamoja na tarehe kama anaikumbuka, na kwa maneno yake mwenyewe.