Msumari Uliopigwa Mara Mbili

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi hutengeneza meza na rafu za mbao, anaziuza kwa simu. Siku moja alinitumia picha ya mlango wa zamani huko Ulaya. Misumari yake ilikuwa mieusi, vichwa vyake vina makovu ya nyundo, hakuna viwili vinavyofanana. "Si wewe ni wa Kombewa?" akaandika. "Huko lazima kuna wazee bado wanafua hizi kwa mkono. Nitafutie kilo mbili tu."

Niliposhuka nyumbani mwezi wa kumi na mbili, nikalibeba hilo swali.

Kombewa iko Seme, kwenye barabara inayotoka Kisian kwenda Bondo, na ziwa liko kilomita chache tu upande wa kusini. Fundi wa kwanza niliyemwendea ana kibanda kituoni. Anatengeneza vitanda, milango na majeneza. Nikamwonyesha picha. Akaishika simu mbali na macho, akacheka.

"Hii imezeeka tu, nyathina. Chukua ya duka, iache nje mvua ikuinyeshee miezi mitatu, utapata kama hiyo."

"Kwa hivyo hapa hakuna mtu wa kufua misumari, jaduong'?"

"Afue ya nini? Hardware iko hapo."

Kweli, hardware iko hapo. Inchi 2, inchi 3, inchi 4, ya mabati yenye kofia, zote kwa kilo. Kwa hivyo jibu fupi la swali la rafiki yangu ni hapana. Lakini nilipoendelea kuulizauliza niliona kwamba swali lenyewe limesimama juu ya dhana: kwamba msumari wa kufuliwa ndio wa jadi kila mahali, halafu kiwanda kikaja kikauua. Kwetu mambo hayakwenda hivyo.

Jadi ya kuunga mbao Afrika Mashariki ni uzi. Mitumbwi mikubwa ya Nam Lolwe, ile iliyopewa jina la visiwa vya Ssese, ilijengwa kwa kuchonga gogo refu kuwa mkuku, kisha mbao za ubavuni zinatobolewa matundu na kushonwa kwa nyuzi za mimea. Henry Morton Stanley alipozunguka ziwa mwaka 1875 aliikuta mitumbwi hiyo, na baadaye akaiona kwa mamia katika vita vya Kabaka Mutesa. Hakuna msumari. Pwani ilikuwa vilevile. Periplus, kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinataja soko la Rhapta kwenye pwani yetu na kueleza kwamba jina hilo limetokana na boti za kushonwa. Mtepe, chombo cha Waswahili kilichoshonwa kwa kamba za nazi, uliendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Wageni walibishana sana juu ya vyombo hivi. Marco Polo, aliyeviona Hormuz katika karne ya 13, alividharau, akasema ni hatari kusafiri navyo. Ibn Battuta, karne iliyofuata, alitoa sababu ya kuvisifu: chombo cha misumari kikigonga mwamba kinapasuka, cha kamba kinapinda kidogo na kuendelea. Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na hoja. Kamba inaoza na inavujisha maji, lakini inasamehe.

Sasa, mtu asidhani kwamba tulishona kwa sababu hatukuwa na chuma. Milima ya Samia iko karibu, na wahunzi wake walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyosambaa Luo yote. Jembe la Samia lilibadilishwa kwa mbuzi na nafaka, na lilihesabiwa katika mahari. Jatheth, yaani mhunzi, alikuwa mtu wa kuheshimiwa na kuogopwa kidogo. Mtu anayeweza kutoa ncha ya mkuki kwenye jiwe hawezi kushindwa na msumari.

Ila hakukuwa na wa kumwagiza. Paa la nyumba lilifungwa kwa kamba. Kigoda kilichongwa kutoka kwa kipande kimoja cha mti, miguu na yote. Mtumbwi ulishonwa. Halafu chuma kilikuwa ghali mno kukitumbukiza ndani ya ubao kisionekane tena. Kipande kilekile kikiwa jembe kinalisha familia miaka kadhaa.

Hilo la ughali halikuwa letu peke yetu. Katika koloni la Virginia, Marekani, ilibidi sheria itungwe mwaka 1645 kukataza watu wanaohama wasichome nyumba zao ili waokote misumari kwenye majivu. Na kama rafiki yangu anataka kujua misumari ile ya kupendeza ilitoka mikononi mwa nani, mfano mmoja uko wazi. Kuanzia mwaka 1794 Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa na karakana ya misumari shambani kwake Monticello. Waliofua walikuwa wavulana watumwa wa miaka 10 hadi 16, siku nzima mbele ya moto, na kila mmoja alipimwa ametoa misumari mingapi na amepoteza chuma kiasi gani. Makovu ya nyundo unayoyaona kwenye kichwa cha msumari wa kale yanaweza kuwa ya mtoto.

Halafu mashine zikaingia. Kwanza zikakata misumari kutoka kwa bamba la chuma, na kufikia mwisho wa karne ya 19 zikawa zinavuta waya wa chuma cha pua, zinaukata, zinauchonga ncha na kuugonga kichwa, maelfu kwa maelfu. Huo ndio msumari wa duka tunaoujua leo, wa mviringo, mnene sawa kutoka kichwani hadi karibu na ncha.

Angalia tarehe. Meli ya mvuke William Mackinnon, iliyoletwa kutoka Uskoti ikiwa vipandevipande, iliunganishwa Kisumu na kushushwa ziwani mwaka 1900. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo Desemba 1901. Yaani mlango wa Kisumu ulipofunguka kwa bidhaa za kiwandani, kule nje msumari wa waya ulikuwa tayari umeupiku ule wa nyundo. Sisi hatukupitia ile hatua ya katikati. Tulitoka kwenye uzi tukaingia moja kwa moja kwenye kilo ya hardware. Hata jina lilikuja na safari: msumari ni neno la Kiarabu lililopita Pwani, na kwa Dholuo tunalitamka kwa lafudhi yetu tu.

Na hapa ndipo pananiuma. Njia ileile iliyoleta misumari ilileta jembe la duka, rahisi kuliko la Samia. Tanuri za kuyeyusha mawe zikapoa. Wahunzi waliobaki wakageukia vyuma chakavu. Kwa hivyo wakati nyumba za mabati, madawati ya shule na boti za mbao zilipoanza kuhitaji misumari kwa wingi, yule ambaye angeifua alikuwa ameshapoteza soko lake. Seremala na mhunzi, ambao kwingine duniani walikaa jirani kwa karne nyingi, huku kwetu hawakuwahi kufahamiana vizuri.

Pwani walifahamiana. Ukienda Nungwi, Unguja, au kwa mafundi wa Lamu, utakuta misumari ya kufuliwa bado inafanya kazi. Mhunzi anachukua nondo, hizihizi za kujengea nyumba, anakata, anapasha moto, anachonga ncha na kugonga kichwa. Fundi wa jahazi anatoboa tundu kwanza kwa keekee, kisha anazungushia uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa cha msumari ili maji yasipite. Hafanyi hivyo kwa kuipenda jadi. Anafanya kwa sababu ubao wa jahazi ukikutana na mataruma unapata unene ambao msumari wa duka haufiki, na kila mahali panataka urefu wake. Mhunzi anamtengenezea saizi anayotaka. Ni msumari wa mkono, lakini chuma chake ni cha kiwandani, na huenda nondo yenyewe ni changa kuliko wewe unayesoma.

Tena kuna sababu ya kimaumbile. Msumari wa kufuliwa una pembe nne na unaendelea kuwa mwembamba hadi ncha, kwa hiyo unakaa kama kabari, ukibana ubao kwa urefu wake wote. Wa waya unasukuma tu nyuzi za mbao pembeni na kutegemea msuguano. Kwa kitanda, hiyo inatosha. Kwa kitu kinachotingishwa na mawimbi usiku kucha, ni hadithi nyingine.

Ndiyo maana siku iliyofuata niliteremka ufuoni.

Fundi wa boti nilimkuta chini ya mti, boti ya omena ikiwa imegeuzwa kifudifudi mbele yake. Mvule, ambao ndio mti uliosifika kwa boti za ziwa hili, sasa ni wa kutafutwa kwa tochi, kwa hivyo mbao zilikuwa za mchanganyiko. Viungo alikuwa anavijaza pamba na vitambaa. Palipokuwa na ufa mrefu aliweka kiraka cha bati. Kando yake kijana wa miaka kama kumi na tano aliketi na jiwe, nyundo na mkebe wa Kimbo. Ndani ya mkebe kulikuwa na misumari iliyopinda. Anatoa mmoja, anaulaza juu ya jiwe, anauzungusha huku akigonga, tak, tak, tak, mpaka unyooke. Kisha anautupa kwenye mkebe wa pili.

Nikauliza inatoka wapi.

"Kwa majivu," kijana akasema, akanionyesha kwa nyundo.

Upande ule kuna akina mama wanaokaanga samaki na mgongo wazi. Boti ikifa, mbao zake zinakuwa kuni. Asubuhi kijana anapita na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio, anaiburuta ndani ya majivu, inatoka imevaa misumari kama nungunungu. Virginia, 1645. Ila hapa hakuna sheria ya kuizuia, na hakuna aliyechoma nyumba.

Fundi aliniona nikishangaa. "Ile imepita kwa moto ni laini," akanieleza. "Ukiikunja ncha upande wa pili haivunjiki."

"Kwa hivyo ni bora kuliko mipya, mzee?"

"Nimesema laini. Sijasema bora." Akachukua mmoja mpya, wenye rangi ya fedha, akauweka kiganjani kando ya ule mweusi. "Hii nyeupe ndiyo inazuia kutu. Moto umeila."

Anazungumzia zinki. Msumari uliopakwa zinki unadumu majini. Usiopakwa unashika kutu, na kutu inavimba, inakula mbao zinazouzunguka, hadi tundu linakuwa kubwa kuliko msumari wenyewe. Kwa macho boti ni nzima. Siku moja ubao unaachia, na boti za omena huvua usiku, taa zikiwa juu ya maji, mbali na ufuo.

"Sasa hizi za majivu unazipiga wapi?"

"Juu. Pale maji hayafiki. Chini naweka mipya." Akarudi kwenye pamba yake. Baada ya muda akaongeza, "Mwenye boti akiwa na pesa."

Sikuuliza asipokuwa nayo inakuwaje. Mkebe wa pili ulikuwa karibu kujaa.

Nimeufikiria ule mkebe mara nyingi kuliko ule mlango wa Ulaya. Misumari yake imepigwa mara mbili: mara ya kwanza na mashine, mara ya pili na mtoto juu ya jiwe. Kama kuna msumari wa nyundo kwetu, ni huo, na haukutoka kwa mababu. Umetokana na bei. Ukipita Kibuye, Kisumu, utasikia wahunzi wa jua kali kabla hujawaona: wanageuza mapipa kuwa majiko na mabati kuwa masanduku. Mikono tunayo, na nondo zimejaa kila mahali pa ujenzi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mhunzi kwamba kuna fundi ufuoni anayehitaji msumari mnene wa pembe nne, wenye zinki, kwa bei ambayo mvuvi wa omena anaweza kulipa. Wenzetu wa Pwani walizungumza zamani. Sisi bado tunapitisha mazungumzo hayo kwa mwenye hardware, naye anauza anacholetewa.

Rafiki yangu wa Nairobi hatimaye alinunua ya kawaida, akaipasha kwenye jiko la gesi na kuigonga vichwa mwenyewe. Meza zikatoka safi, na zinanunuliwa. Nami nilimtumia picha ya ule mkebe wa Kimbo. Akajibu papo hapo: "Hizo ndizo! Bei gani?"

Nikamwandikia kwamba haziuzwi. Zinangoja boti.