Sadaka Iliyoshukia Juba kwa Ndege

Msafiri ashukaye leo katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, akaziona ndege ndogo za shirika la kimisionari la MAF zimeegeshwa kando ya zile kubwa za abiria, aghalabu haimpitii moyoni kwamba njia ya lami ya uwanja huo ilipata kuwa, kwa miaka mingi, takriban lango pekee la riziki ya mji mzima.

Asili ya kadhia hii ya sadaka ya makanisa naiona katika mwaka 1964, ambapo serikali ya Sudan ya Jenerali Abboud iliwafukuza wamisionari wa kigeni kutoka Kusini mwa nchi, nao mapadri wenyeji, makatekista na akina mama wa parokia wakairithi kazi ya kuwatunza mayatima na mafukara pasipo kurithi fedha zake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliporejea mwaka 1983, na waasi wa SPLA wakauzingira mji hata barabara zikafungika na safari za tishari za mto Nile zikawa za kubahatisha, wanavijiji walimiminika Juba mikono mitupu. Anga nayo haikuwa na amani: tarehe 16 Agosti 1986 ndege ya Sudan Airways ilidunguliwa mara ilipoondoka Malakal, wakafa watu 60. Licha ya hatari hiyo, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilisafirisha shehena za chakula kwa ndege hadi Juba mwishoni mwa muongo ule, na ugawaji ukaratibiwa na umoja wa mashirika ulioitwa CART, ambamo Baraza la Makanisa la Sudan lilishirikiana na Sudanaid ya Wakatoliki. Ajabu iliyoje! Waingereza, walipoitawala Sudan, walikuwa wameyagawia madhehebu haya kila moja eneo lake ili yasigombane. Dhiki ndiyo iliyoyakutanisha.

Tangu enzi hizo za kuzingirwa kituo cha Usratuna mjini Juba kinawahudumia watoto wenye ulemavu, na baada ya mapigano ya Desemba 2013 watawa Wasalesiani wa Gumbo, kando ya Juba, waliwapa hifadhi waliokimbia makwao.

Tarehe 3 Februari 2023 Papa Fransisko alitua katika uwanja huu huu, akifanya ziara pamoja na Askofu Mkuu Justin Welby wa Waanglikana na Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland, na dunia ikapiga picha. Lakini zama zile za vita, rubani wa shehena hakuweza kujua ni nyumba ipi iliyolala njaa. Waliojua ni akina mama wa mitaa. Atakayeandika tarikhi ya Juba na awahoji wangali hai.