Nani Anamwangalia Asiye na Mpira?

Ukipita siku ya mechi ya basketi kwenye shule za sekondari za kando ya Ziwa Tanganyika, huko Fizi mashariki mwa Kongo, kuanzia Nundu na Lusenda hadi Baraka, lawama utakayoisikia kuliko zote ni kwamba arbitri hakuona. Wapo wanaosema amekula pesa, hasa timu ya nyumbani ikifungwa, lakini wengi husema tu hakuona, na mara nyingi wanasema kweli. Arbitri mwenyewe ni mwalimu wa mazoezi aliyetoka darasani muda si mrefu. Yuko peke yake, au na mwenzake mmoja. Uwanja ni udongo mtupu, mistari imechorwa kwa majivu, na robo ya pili ikifika miguu imeshaifuta. Mpira uko kwa mchezaji wa pembeni, na macho ya mwamuzi yako huko huko. Chini ya ringi vijana wawili wanavutana jezi, mmoja anamchoma mwenzake kiwiko cha mbavu. Mpira ukifika hapo, aliyechomwa ameshakasirika na analipiza. Filimbi inapulizwa kwa huyo wa pili.

Swali la nani awaangalie hao wawili ni la tangu mchezo huu uzaliwe. James Naismith, Mkanada aliyekuwa akifundisha mazoezi katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Marekani, alichezesha mechi ya kwanza tarehe 21 Desemba 1891. Walicheza watu 18, tisa kwa tisa, kwa vikapu vya kubebea matunda vilivyopigiliwa kwenye ukingo wa roshani, na mechi ikaisha 1–0. Sheria zake 13 zilichapishwa Januari 1892, na humo alikwisha kuweka waamuzi wawili. Alivyowagawia kazi ndivyo vinavyonivutia. Sheria ya 10 inasema mmoja ni mwamuzi wa watu: anaangalia wachezaji, anaandika makosa, na ana uwezo wa kumtoa mtu nje. Sheria ya 11 inasema wa pili ni mwamuzi wa mpira: anaamua mpira umetoka au haujatoka, ni wa nani, anatunza saa na kuhesabu vikapu.

Kwa hiyo tangu siku za mwanzo palikuwa na mtu ambaye kazi yake haikuwa mpira hata kidogo. Ni mgawanyo wa akili sana, na kwa maoni yangu miaka mingi iliyofuata ilitumika kuuharibu. Saa na hesabu ya pointi zilihamia mezani, sawa, lakini mchezo wenyewe uliongeza kasi. Zamani kila kikapu kilipofungwa, mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu upya, watu wakapata pumzi. Marekani waliifuta desturi hiyo mwaka 1937. Kuanzia hapo timu ikifungwa inachukua mpira na kukimbia, na waamuzi wawili wanakimbia nao, kila mmoja akichungulia mpira uko wapi. Mwamuzi wa watu akawa amemezwa na mwamuzi wa mpira.

Hapa niseme neno kwa wanaodharau viwanja vyetu vya udongo. Shirikisho la dunia, FIBA, lilianzishwa Geneva mwaka 1932, na basketi ikaingia Olimpiki mara ya kwanza Berlin mwaka 1936, Naismith mwenyewe akiwapo. Fainali ile ilichezwa nje, juu ya udongo, mvua ikinyesha. Mpira haukudunda kwenye matope, Marekani wakaifunga Kanada 19–8. Hizo ni pointi ambazo vijana wetu wanazifikisha kabla ya mapumziko.

Kilichowaamsha wenye mchezo ni ngumi. Tarehe 9 Desemba 1977, kwenye mechi ya ligi ya NBA kati ya Los Angeles Lakers na Houston Rockets, wachezaji walianza kuvutana katikati ya uwanja huku mpira umeshaondoka. Rudy Tomjanovich wa Houston alikuja mbio kuamulia. Kermit Washington wa Lakers aliona mtu anamjia, akageuka na kumpiga usoni. Taya na mifupa ya uso ilivunjika, na maisha ya Tomjanovich yakawa hatarini. Ugomvi ulikuwa umeota mbali na mpira, mahali ambapo waamuzi wawili hawana jicho la ziada la kupeleka.

Msimu uliofuata, wa 1978–79, NBA ikaongeza mwamuzi wa tatu. Msimu mmoja tu! Matajiri wenye timu wakapiga hesabu ya mishahara na safari, wakamwondoa. Ligi ikarudi kwa wawili, ikakaa hivyo karibu muongo mzima, hadi msimu wa 1988–89 watatu waliporudishwa na hawakuondoka tena. Mwalimu mkuu wa Fizi akikuambia hana posho ya mwamuzi wa tatu, usimcheke. Watu wa Los Angeles na New York walisema hayo hayo.

Na huyo wa tatu anafanya nini hasa? Asiyejua anadhani ni filimbi ya kuongeza kelele. Tuangalie uwanja, mita 28 kwa 15. Waamuzi wakiwa wawili wanasimama mshazari: wa mbele yuko kwenye mstari wa mwisho karibu na ringi, wa nyuma yuko upande mwingine karibu na katikati. Ukishapeleka mpira kwenye pembe ya mmoja wao, pembe ya pili inabaki yatima. Wakiwa watatu, wa mbele na wa nyuma wanakaa upande mmoja, ule wenye mpira, na wa kati anasimama peke yake upande wa pili, usawa wa mstari wa mitupo huru. Yeye ndiye anayewaona wale wanaovutana jezi. Mpira ukihamia upande wake, wa mbele anavuka chini ya ringi na kumfuata, wa kati anakuwa wa nyuma, na aliyekuwa wa nyuma anakuwa wa kati. Hakuna anayepiga kelele wala kuita jina, wanatazamana tu na kusogea. Timu ikinyang'anywa mpira na mbio zikaanza kuelekea ringi nyingine, wa nyuma ndiye anayetangulia kuwa wa mbele, wa mbele anafuata kama wa nyuma, na wa kati anabaki wa kati. Kwa mwalimu wa miaka hamsini hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu mbio zake zinapungua.

Dunia nje ya Marekani ilichelewa. Fainali ya ubingwa wa dunia ya 2002, Indianapolis, Yugoslavia na Argentina, ilichezeshwa na wawili. Matokeo yakiwa sare, sekunde za mwisho Hugo Sconochini wa Argentina alipenya kwenda ringini, akagongana na beki, filimbi ikanyamaza. Yugoslavia ikashinda 84–77 katika dakika za nyongeza, na Waargentina wanalizungumza jambo hilo mpaka leo. Katika miaka iliyofuata FIBA iliingiza watatu kwenye mashindano yake makubwa, na ligi ya Afrika, BAL, ilipoanza Kigali mwaka 2021 ilianza na watatu. Lakini kitabu cha sheria hakilazimishi. Kinasema mwamuzi mkuu na msaidizi mmoja au wawili. Mlango umeachwa wazi kwa maskini, na shule za dunia nzima hupitia mlango huo.

Hata Marekani. Huko shule za sekondari ziko chini ya vyama vya majimbo. Yapo yaliyohamia watatu, na yapo yanayotumia wawili mechi za kawaida, watatu wanaonekana mashindano yakifikia hatua za mwisho. Tatizo lao sasa si fedha peke yake. Mwaka 2022 shirikisho la michezo ya sekondari la nchi hiyo lilitangaza kwamba waamuzi wapatao 50,000 wa michezo yote walikuwa wameacha kazi tangu msimu wa 2018–19. Korona ilichangia, lakini wengi walichoka kutukanwa na wazazi. Ukiwa huna hata wawili, wa tatu utamtoa wapi?

Lusenda ina sababu zake za kulifikiria jambo hili. Kambi yake ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 2015, baada ya rais wa Burundi, Pierre Nkurunziza, kuteuliwa kugombea muhula wa tatu na Bujumbura kuwaka moto. Warundi walivuka Ruzizi, wakapokelewa Kavimvira pale Uvira, kisha wakapandishwa magari kuteremka barabara ya ziwa. Idadi yao kambini ikapita 20,000. Bujumbura ni mji wa basketi, na walitua mahali ambapo mpira maana yake ni soka. Watoto wao wakaingia mtaala wa Kongo, wengi wakikaa dawati moja na watoto wa Wabembe na Wafuliiru. Wenyeji nao si wageni wa maisha ya hema. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa hadi Kigoma, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo huo, na mwaka 2005 wakaanza kurudishwa kwa meli kupitia bandari ya Baraka. Wapo walimu wa Fizi waliosoma shule ya msingi Nyarugusu.

Mahali kama hapo, kiwiko kisichoonwa hakiishii uwanjani. Kesho yake kisimani utasikia kwamba arbitri ni wa kabila fulani, au kwamba wageni wanabebwa. Mwamuzi aliye peke yake anabeba mzigo wote huo, hata kama kosa lake lilikuwa tu kwamba alikuwa akiangalia mpira. Watatu wakikosea, angalau wamekosea wakiwa watatu, na watu wanaona kwamba kila upande ulikuwa na jicho.

Gharama yenyewe si ya kutisha. Kinachohitajika zaidi ya mtu ni filimbi, na hapo kuna hadithi ndogo. Mwaka 1984, mjini São Paulo, mwamuzi wa Kanada Ron Foxcroft alipuliza filimbi yake ya kawaida, ile yenye kipunje ndani, kipunje kikakwama na sauti isitoke. Mchezaji alikuwa amefanyiwa kosa mbele ya maelfu ya watu, nao wakaamini mwamuzi amekataa kuliona. Foxcroft alirudi kwao akatengeneza filimbi isiyo na kipunje, ikaanza kutumika mwaka 1987, na leo iko shingoni mwa waamuzi karibu kila nchi. Zile za plastiki za sokoni Baraka bado zina kipunje, na vumbi la kiangazi linakijua vizuri. Ukiwa na waamuzi watatu, ya mmoja ikikwama zinabaki mbili.

Mtu wa tatu atatoka wapi? Sheria inataka mwamuzi asiwe na uhusiano na timu yoyote kati ya zile zinazocheza, kwa hiyo mpango wa kila shule kuleta mwalimu wake, ambao wengi wanaupenda, haufai. Lakini shule nne zikikutana Jumamosi moja, usalama ukiruhusu, daima kuna mbili zinazopumzika. Hizo ndizo za kutoa waamuzi: walimu wawili, na mwanafunzi wa humanité, yaani sekondari ya juu, aliyefundishwa sheria, aanze kati. Nafasi ya kati ndiyo yenye mbio chache, na kwa anayejifunza ni dirisha zuri, kwa sababu anauona uwanja wote kutoka pembeni. Nampendelea msichana kwa kazi hiyo. Sina sababu ya kitaalamu, ila kwamba nimechoka kuona wasichana wakitumwa kuchota maji ya wachezaji.

Walimu wana pingamizi moja, na ni la haki: mtoto wa miaka 17 akipuliza, mwalimu wake aliye mita kumi kutoka hapo akaona si kosa, itakuwaje? Kitabu cha FIBA kina jibu. Mwamuzi mkuu ana neno la mwisho inapobidi au pale waamuzi wasipokubaliana. Ila hakuna mwamuzi, mkuu au msaidizi, mwenye ruhusa ya kufuta au kuhoji uamuzi ambao mwenzake ameutoa ndani ya mipaka ya kazi yake. Akipuliza kwa sababu ya jezi iliyovutwa upande wake, faulo inaandikwa mezani, na mwalimu anakwenda kusimama mahali pake.