Shingo Iliyotolewa kwa Imani ya Wengine

Mtu wa Mlandege, mjini Iringa, akisikia Kalasinga ametajwa, fikira zake aghalabu huelekea kwenye gereji au karakana ya mbao, wala si kwenye dini; na hilo si ajabu, kwani tangu reli ya Mombasa ilipoanzwa mwaka 1896, Makalasinga wengi walitakiwa Afrika Mashariki kwa ajili ya ufundi wa mikono yao. Lakini walikuja pia na habari ya mauti ya mwaka 1675.

Guru Tegh Bahadur, wa tisa katika maguru kumi walioongoza dini ya Makalasinga, alizaliwa Amritsar mwaka 1621, akawa mtu wa faragha na dhikri, mtunzi wa tenzi zilizofundisha kuwa mali na nasaba ni vitu vya kupita, na kuwa mwenye maarifa hamwogopi mtu wala hamtishi mtu. Kwa mapokeo ya wafuasi wake, Mabrahmani wa Kihindu kutoka Kashmir, wakiongozwa na Kirpa Ram, walimwendea kumlalamikia kwamba maliwali wa Sultani Aurangzeb wa dola ya Mughal walikuwa wakiwalazimisha kubadili dini. Mabrahmani hao huvaa uzi mtakatifu begani, uzi ule ule ambao Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Makalasinga, yasemekana aliukataa angali mtoto. Na ilhali mwenyewe hakuuvaa, Tegh Bahadur aliridhia kuutetea kwa shingo yake.

Akakamatwa, na huko Delhi sahaba zake watatu waliuawa kwanza: Mati Das akapasuliwa kwa msumeno, Dayal Das akachemshwa, Sati Das akafungwa pamba na kutiwa moto. Tarehe 11 Novemba naye akakatwa kichwa katika Chandni Chowk. Baadhi ya waandishi wa Kifarsi walimwita mfanya fitina, wala sistaajabu, maana ni nadra dola kumwita shahidi mtu iliyemchinja. Mfuasi wake Bhai Jaita alikichukua kichwa kwa siri hadi Anandpur. Mfuasi mwingine, Lakhi Shah, akauingiza mwili nyumbani mwake, kisha akaitia nyumba yote moto, ili mwili uchomwe kama ilivyo ada yao pasipo askari kutambua.

Heshima hiyo kwa imani ya wengine huonekana pia kule Makindu, nchini Kenya, ambako Makalasinga wa reli walijenga hekalu mwaka 1926. Msafiri wa dini yoyote huvua viatu, hufunika kichwa kwa kitambaa, akapewa chapati, dengu na chai, wala haulizwi itikadi yake. Jiko huendeshwa kwa sadaka. Mwenye kutaka hutoa, na asiyetoa hadaiwi.