Sauti ya Msafara na Kuzimwa Kwake: Ngoma, Baragumu na Kengele katika Njia ya Tabora, 1857–1914

Historia ya biashara ya masafa marefu katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa mizani na hesabu: frasila za pembe, doti za nguo, idadi ya wapagazi, viwango vya hongo. Sauti za misafara hutajwa, lakini hutajwa kama pambo la simulizi, jambo la kumchangamsha msomaji kabla ya kurudi kwenye bei. Insha hii inashikilia mtazamo tofauti. Katika njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka Tabora ikaelekea Ujiji, ngoma, baragumu, kengele na mlio wa bunduki vilikuwa taarifa. Vilimjulisha mwenye nchi kwamba wageni wanapita, kwamba ni wengi au wachache, na kwamba hawaji kwa kunyemelea. Kwa sababu hiyo, kuzima sauti hizo kulikuwa tendo la kisiasa, na gharama yake haikulipwa sikuzote na yule aliyetoa amri.

Maelezo marefu kuhusu mpangilio wa sauti hizo yameachwa na Richard Burton, aliyefika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Kwa mujibu wa kitabu chake cha mwaka 1860, mbele ya msafara alikwenda kirangozi akiwa na bendera nyekundu ya Zanzibar, na nyuma yake akafuata mpiga ngoma. Wapagazi wa pembe za ndovu, ambao walijihesabu kuwa wa daraja la juu kuliko wabeba nguo na shanga, walifunga kengele za ng'ombe kwenye ncha za pembe zao. Wengine walivaa njuga miguuni. Baragumu la pembe ya tandala lilipulizwa wakati wa kuondoka na wakati wa kukaribia vijiji. Lugha ya Burton ni ya dharau, kama ilivyo mahali pengi katika kitabu hicho, lakini jicho lake lilikuwa kali, na kutokana na orodha yake tunaweza kutenga aina mbili za sauti. Ngoma na baragumu vilihitaji mtu aamue kuvipiga. Kengele ya pembe haikuhitaji uamuzi wowote: mpagazi alipopiga hatua, ililia. Ya kwanza ilikuwa kauli. Ya pili ilikuwa alama iliyofungamana na mwendo wenyewe, isiyoweza kunyamaza ila kwa kufunguliwa au kuzibwa.

Tofauti hiyo ina uzito. Njia ilikuwa nyembamba, watu wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine, na nyasi za masika zilificha waliotangulia. Kengele ilimwambia aliye nyuma kwamba wenzake hawajapotea, na aliye pembeni kwamba kinachosukasuka nyasi si mnyama. Ngoma ilisema na watu wa mbali zaidi: wenye unga na kuku wa kuuza, mtemi anayengoja hongo, na msafara mwingine unaokuja upande wa pili. Burton anaeleza kwamba misafara miwili ya Wanyamwezi ilipokutana, virangozi walikabiliana kwa madaha, kisha wakagongana vichwa kama kondoo dume, hadi mmoja akubali kumpisha mwenzake. Msomaji anaweza kucheka. Hata hivyo, kilichoamuliwa pale kilikuwa haki ya njia, nayo iliamuliwa bila mtu kujeruhiwa. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwa kina kwamba desturi za namna hii zilikuwa sehemu ya utamaduni wa kazi wa Wanyamwezi na majirani zao, watu walioijua thamani ya kazi yao na kuitetea.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba sauti hiyo ilikuwa na maana moja kwa wote walioisikia. Misafara mingi iliyorejea pwani ilichukua pia watumwa. Ngoma iliyompa mpagazi wa Unyamwezi fahari ya kazi ndiyo iliyoweka mwendo kwa mtu aliyefungwa shingoni. Watafiti wanaosifu utamaduni wa njia, na sifa hizo zina msingi, hawana budi kukumbuka masikio hayo mengine.

Mfano ulio wazi zaidi wa kuzimwa kwa sauti unatoka Uha, mwaka 1871. Henry Morton Stanley alikuwa ameondoka Unyanyembe akipita njia ya kusini, kwa kuwa vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeziba njia ya kawaida. Alipoingia Uha alitozwa hongo kubwa na Mionvu, kisha akaambiwa kwamba mbele yake wako wengine wanaodai hongo yao. Aliamua kutoroka usiku. Msafara uliokwenda kwa bendera na milio ya bunduki ukageuka kundi la watu wanaonyata porini, wakikwepa vijiji. Mwanamke mmoja, mke wa mtu wa msafara, alishikwa na hofu akaanza kupiga mayowe. Stanley mwenyewe anaandika, bila haya nyingi, kwamba alimchapa, na kwamba mwanamke huyo akafungwa mdomo kwa nguo.

Wasomaji wa Ulaya walilisoma tukio hilo kama ujasiri wa kiongozi aliyebanwa. Kwa mtazamo wa Waha, lilikuwa jambo jingine: mgeni aliyepita nchi yao bila kujitangaza, akiwanyima malipo ambayo kwao yalikuwa haki. Ni kweli kwamba hongo ilikuwa imekuwa mzigo mzito, na wafanyabiashara wa pwani walilalamika vilevile. Lakini ukimya ule ulivunja makubaliano, na ulipatikana kwa kumziba mdomo mtu aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote. Jina lake halijulikani katika simulizi ile. Siku chache baadaye, juu ya Ujiji, bendera ilikunjuliwa na bunduki zikapigwa kwa pamoja, kwa sababu sasa sauti ilikuwa na faida tena.

Bunduki, kwa kweli, zilikuwa zimekwisha kuanza kubadili maana ya taarifa yenyewe. Hamed bin Muhammed el Murjebi anajulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, na maelezo mojawapo ya jina hilo ni kwamba ni mwigo wa mlio wa bunduki zake. Jina la mtu likawa sauti ya kitisho. Kati ya ngoma inayoomba njia na bunduki inayoichukua hapakuwa na umbali mkubwa.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya upagazi wa masafa marefu katika njia hii ikafifia, na pamoja nayo kazi ya kirangozi. Honi ya garimoshi ilichukua nafasi ya baragumu kwa jambo moja tu, la kuonya. Haikungoja jibu, aliyeisikia alitakiwa kupisha. Sheria za karne hii kuhusu magari ya umeme, kama Kanuni Namba 138 ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016, zimerudi kwenye mantiki ya kengele ya pembe: chombo kisicho na kelele kitoe sauti kinapokwenda polepole, iwe mbele au kinyumenyume, ili anayekwenda kwa miguu ajue kipo. Wenye magari wanaotaka kuizima au kuibadili sauti hiyo huitazama kama kero yao binafsi. Katika njia ya Tabora kengele ilifungwa kwenye mzigo wa mpagazi, lakini haikulia kwa ajili yake peke yake.